Utitiri kwa Vifaranga na Mitetea: Mtambue Mdudu kwa Saa na Mahali Anapojificha

Mara nyingi mfugaji hugundua kuwa banda lina wadudu siku ambayo mwili wake mwenyewe unaanza kuwasha. Ameingia alfajiri kuokota mayai, ametoka, na kabla hajafika jikoni anajikuna viganja, shingo na kiunoni palipofungwa kanga au mkanda. Hatua anayoichukua siku hiyo hiyo ni kununua unga wa dawa na kuwapaka kuku. Kwa baadhi ya wadudu hatua hiyo ni sahihi kabisa, lakini kwa wengine ni sawa na kufua shuka huku kunguni wamejaa kwenye chaga za kitanda.

Mwongozo huu unahusu vifaranga na mitetea wa kienyeji wanaofugwa Dodoma na maeneo jirani ya kanda ya kati, ambako banda la kawaida ni la mabanzi au la matofali ya udongo, limeezekwa kwa bati, na kuku hufunguliwa asubuhi na kurudi wenyewe jioni. Wadudu wanaowasumbua kuku hao kwa nje ni utitiri mwekundu, utitiri wa manyoya, utitiri wa miguu, chawa, viroboto wa kichwani na papasi wa kuku. Wote huwapausha au kuwadhoofisha kuku, na kwa sababu hiyo kuku kupauka peke yake hakukwambii unashughulika na mdudu gani. Kinachowatenganisha ni mahali wanapokaa: wengine huishi juu ya kuku usiku na mchana, wengine humpanda usiku, wakashiba, wakarudi kwenye nyufa kabla hapajapambazuka. Ndiyo maana ukaguzi unapaswa kuwa wa mara mbili, mmoja wa mchana juu ya kuku na mmoja wa usiku ndani ya banda, kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa dawa.

Kwa ukaguzi wa mchana, chagua kuku watano au zaidi, na usimwache yule aliyekonda au anayejitenga. Mlaze ubavu mapajani, kisha pulizia manyoya yaliyo kuzunguka sehemu ya haja ili yafunguke na ngozi ionekane, ufanye vivyo hivyo chini ya mbawa na nyuma ya shingo. Tazama upanga wa kichwani, kingo za macho, na mwisho miguu. Ukaguzi wa usiku unahitaji tochi na kitambaa cheupe. Subiri hadi saa tatu usiku, kuku wakiwa wamekwisha kutulia, uingie taratibu na kupitisha kitambaa chini ya fito wanazolalia, hasa pale fito inapokutana na ukuta au nguzo. Kitambaa kikitoka na michirizi myekundu kama ya damu iliyosagwa, umekwisha kupata jibu.

Kuku wanakataa kuingia bandani jioni

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, kwa kuwa hufikiriwa kuwa ni ukaidi wa kuku. Mitetea waliokuwa wakiingia wenyewe jua likizama wanaanza kusimama mlangoni, wanapanda juu ya mwembe au juu ya tofali zilizopangwa nje, na ukiwaingiza kwa nguvu wanalala sakafuni badala ya kupanda kwenye fito. Sababu ya kwanza kuichunguza ni utitiri mwekundu, ambao wataalamu huuita Dermanyssus gallinae.

Mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwezi mzima kwa kutoelewa jambo hili. Nilikuwa na mitetea kumi na minne ndani ya banda la mabanzi, nikawapaka unga Jumamosi tatu mfululizo, na kila baada ya siku mbili wakarudia kulala nje. Bibi mmoja jirani, ambaye amefuga kuku tangu ujana wake, alinisikiliza baada ya kupokea shikamoo yangu, akaniambia, “Mjukuu wangu, kuku hawana ugomvi na wewe. Hebu geuza hiyo fito.” Niliigeuza. Upande wa chini ulikuwa na vumbi la kijivu kama majivu yaliyochanganywa na pilipili manga, na nilipokwangua gome la banzi kwa ncha ya kisu, ufa uliokuwa chini yake ulijaa vitone vyekundu vilivyotawanyika ghafla kwa sababu ya mwanga.

Mdudu huyu mzima hufikia kama milimita 1. Akiwa na njaa ni wa kijivu au mweupe, na akishiba anakuwa mwekundu, kisha anakuwa na weusi damu inapoendelea kusagika tumboni. Hukaa juu ya kuku kwa muda mfupi tu wa usiku, mara nyingi usiozidi saa moja, na hutaga mayai yake kwenye nyufa, si kwenye manyoya. Katika joto zuri, safari ya kutoka yai hadi mdudu mzima inaweza kumalizika ndani ya wiki moja, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula akimngoja kuku. Kwa hiyo kuliacha banda tupu kwa wiki mbili au tatu hakutoshi, na unga uliompaka kuku asubuhi haumfikii mdudu aliyelala ndani ya gome la banzi.

Mabanzi yenye magamba ya mti ni makazi bora kwake kuliko kitu chochote ambacho fundi angeweza kukibuni. Atakayejenga upya na abandue magome yote kabla ya kupigilia, au atumie mbao zilizorandwa kwa ajili ya fito na vitagio hata kama kuta zitabaki za mabanzi.

Kazi ya kusafisha ianze asubuhi ili banda likauke kabla ya jioni. Watoe kuku wote, toa maranda au pumba zote za chini uzifunge kwenye mfuko na kuzichoma mbali, kisha ng'oa fito na vitagio uvipeleke juani. Mwagia maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao, chokonoa nyufa kwa waya au msumari, ufagie na kuacha pakauke. Ndipo unyunyize dawa ya kuua wadudu wa mifugo, kama zile zenye sipamethrini au deltamethrini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ukielekeza bomba ndani ya nyufa na si hewani. Vyombo vya maji na chakula viwe nje, wewe mwenyewe ufunike pua na mikono, na kuku wasirudi mpaka pamekauka kabisa. Ukuta wa tofali za udongo uzibwe nyufa zake kwa udongo wa kichuguu na kupakwa chokaa. Kuna wanaochoma nyufa kwa karatasi iliyowashwa moto. Kwenye banda la mabanzi, na kwa upepo wa Dodoma, nisingeshauri mtu yeyote afanye hivyo.

Nyunyiza tena siku ya 7, na kwa mara ya tatu siku ya 14, kwa sababu dawa nyingi huua wadudu wanaotembea na kuyaacha mayai. Kwa uzoefu wangu, kurudia huku ndiko kunakorukwa zaidi, kwa kuwa kufikia siku ya 7 kuku wamechangamka na mfugaji anaona amemaliza.

Kuku anayeatamia anaacha mayai

Mtetea anayeatamia kwa mara ya kwanza anaweza kuacha mayai kwa sababu ya joto, njaa au kusumbuliwa na mbwa. Hata hivyo, akiinuka usiku na kusimama pembeni ya kitagio, au mayai yakiwa na vidoa vidogo vyekundu kwenye ganda, utitiri mwekundu ndio unaomfukuza. Anayeatamia yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake, kwa kuwa amekaa mahali pamoja kwa siku 21, gizani, na wadudu hawahitaji hata kutembea mbali. Vifaranga wakitotolewa hapo huanguliwa moja kwa moja mdomoni mwa adui, na kwa uchache wa damu walio nayo, usiku mchache unatosha kuwaua.

Iwapo mayai bado ni mazima, andaa kitagio kipya chenye nyasi kavu na safi, mbali na cha zamani, uhamishe mama na mayai baada ya giza kuingia. Weka chini ya nyasi majani makavu ya mwarobaini au ya tumbaku yaliyopondwa, kama wengi wafanyavyo, lakini usiyahesabu kuwa tiba. Nyasi za zamani zichomwe. Kwa siku zijazo, mama akaguliwe na kutibiwa kabla ya kuwekewa mayai, na atazamwe tena kati na mwishoni mwa kuatamia, kwa maana vifaranga wa siku moja hawapaswi kupakwa dawa ya kuua wadudu.

Manyoya karibu na sehemu ya haja yamechafuka

Kwanza ondoa uwezekano wa kuhara. Uchafu wa kuhara umegandamana, una harufu, na hutoka kwa maji ya uvuguvugu. Ikiwa manyoya ni meusi kama yaliyopakwa masizi, ngozi ina vigaga, na vitone vyeusi vinapanda mikononi mwako mchana kweupe, huo ni utitiri wa manyoya. Huu huonekana juu ya kuku saa zozote, na jogoo ndiye anayebeba mzigo mkubwa zaidi mara nyingi, kwa hiyo usimwache kwa kuwa ni mkali.

Chawa ni tofauti. Wao ni bapa, wana rangi ya majani makavu, ni wakubwa kidogo, kiasi cha milimita 2 au 3, na ukifungua manyoya hukimbia kwa kasi. Mayai yao hushikamana kwenye shina la unyoya yakifanya kama bonge dogo la chumvi. Hawa hula mabaki ya ngozi na manyoya, na kwa kuku mkubwa mwenye afya ni kero tu, ila chawa wa kichwani kwa kifaranga mchanga wanaweza kumuua.

Kwa utitiri wa manyoya na chawa, dawa ya unga juu ya kuku ndiyo yenyewe, tofauti na nilivyosema kuhusu utitiri mwekundu. Ipake mpaka ngozini, chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya haja, ukimlinda macho na pua, na urudie baada ya siku 7 kwa utitiri, au siku 10 hadi 14 kwa chawa. Pamoja na hilo, weka beseni au shimo la kuogea lenye mchanga mkavu na majivu yaliyochekechwa. Wafugaji walio karibu na mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wana bahati nyingine: salfa ya unga inayotumika kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, kwenye mizabibu, ikiwa tupu na haijachanganywa na kiuatilifu kingine, huua utitiri wa manyoya na chawa inapochanganywa kwenye mchanga wa kuogea. Huwasha macho, kwa hiyo ichanganye ukiwa umesimama upande unakotoka upepo.

Madoa meusi kwenye upanga na kuzunguka macho

Hapa makosa mawili hufanyika, na yote yana gharama. Mfugaji mmoja anaona madoa meusi, anadhani ni ndui, anawachinja kuku. Mwingine anaona ndui, anadhani ni viroboto, anapaka mafuta ya taa usoni mwa kuku. Chukua kioo cha kukuza au piga picha ya karibu kwa simu uikuze. Viroboto wa kichwani ni vitone vya kahawia iliyokolea, vinavyong'aa, vya ukubwa unaolingana, vilivyopangwa kwa karibu kama ulezi uliomwagika, na kila kimoja ni mdudu aliyezamisha mdomo wake ngozini. Ndui ni vipele na vigaga vya ukubwa tofauti, vinavyoota kutoka kwenye ngozi yenyewe, na ukivibandua hutoa damu.

Viroboto hawa hupenda mahali pakavu penye mchanga na vumbi, na ndiyo maana katika Dodoma, yenye msimu mmoja wa mvua kati ya Desemba na Aprili na kiangazi kirefu baada yake, huonekana sana. Jike hukaa hapo hapo kichwani, lakini mayai yake hudondoka na viluwiluwi hukua ardhini. Paka mafuta mazito ya kujipaka juu ya kundi la viroboto, bila kugusa jicho, ili wakose hewa. Wengi hufa ndani ya siku moja au mbili, na usiwang'oe kwa kucha maana jeraha huingia vijidudu. Baada ya hapo shughulikia ardhi: fagia banda na kivuli wanachokaa mchana, choma takataka, nyunyiza sakafu dawa, na uwaangalie mbwa na paka wa nyumbani masikioni, kwa kuwa kiroboto huyu huwapanda wao pia.

Magamba ya miguu yameinuka

Huu ni utitiri wa miguu, unaochimba chini ya magamba mpaka mguu unaonekana kama umepakwa unga na kunenepa. Huenda polepole, huonekana zaidi kwa kuku wakubwa, na vifaranga huupata kwa mama. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua taratibu kwa mswaki wa zamani, kausha, kisha paka mafuta mazito. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja au zaidi, na usibandue magamba kwa nguvu.

Kifaranga amepauka na kusinzia, lakini hakuna mdudu unayemwona

Ikiwa kitambaa cheupe kimetoka safi, angalia chini ya mbawa na kwenye paja kwa uvimbe mdogo wa zambarau au mweusi. Hao ni watoto wa papasi wa kuku, ambao, tofauti na wazazi wao, hung'ang'ania ngozi kwa siku 5 hadi 10 kabla ya kudondoka. Wazee waliokulia kwenye tembe wanamfahamu papasi wa binadamu, aletaye homa ya papasi. Huyu wa kuku ni mwingine, lakini tabia zao zinafanana: ni bapa, wa kahawia, hufikia kama nusu sentimita au zaidi, hulala kwenye nyufa mchana na anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Ubaya wake hauishii kwenye damu. Hubeba bakteria wanaosababisha homa, kinyesi cha kijani, kulegea miguu na vifo, na watoto wake wakiwa wengi huweza kumpoozesha kifaranga. Banda lisafishwe kama nilivyoeleza kwa utitiri mwekundu, ila uzibaji wa nyufa hapa ni wa lazima.

Kinyesi cha kijani pia ni dalili ya mdondo (Newcastle), na kwa macho tu hata mfugaji mzoefu hukosea. Kinyesi chenye damu kwa vifaranga wa wiki chache huelekeza zaidi kwenye kokisidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na kupauka pamoja na kukonda taratibu huenda ni minyoo. Katika hali hizi usiendelee kununua unga. Mwone mtaalamu wa mifugo wa kata, au wapeleke kuku waliokufa muda huo huo, wakiwa wamefungwa kwenye mifuko miwili, kituo cha kanda cha TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) kilichopo Dodoma wakapimwe.

Dawa zinazoleta madhara

Mafuta ya taa na oili chafu huchoma ngozi ya kuku, na kifaranga aliyelowa mafuta hupoteza joto haraka, hasa katika baridi na upepo wa Juni na Julai. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ina kipimo cha ng'ombe, na dawa ya alizeti au pamba haikusudiwi kwa mnyama wa aina yoyote. Sindano ya aivamekitini huua baadhi ya wadudu hawa, lakini kipimo cha kifaranga ni kidogo mno kiasi kwamba kosa la tone moja linaua, na mabaki yake huingia kwenye mayai na nyama, kwa hiyo aamue mtaalamu, aseme pia ni siku ngapi mayai yasiliwe.

Baada ya matibabu

Kuku wanunuliwao mnadani, kama pale Msalato, husafiri kwenye tenga lililobeba kuku wa watu wengi. Tenga lisiingie bandani, na wageni watengwe kwa wiki tatu wakikaguliwa mchana na usiku kabla ya kuchanganywa.

Kwa banda lililotibiwa, kata kipande cha boksi lenye mifereji ndani, ukubwa wa kiganja, ukifunge kwa kamba chini ya fito. Utitiri mwekundu uliosalia utaingia kwenye mifereji hiyo kujificha. Baada ya siku mbili, kitoe asubuhi, kitie haraka kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, kifungue juani na kuhesabu vitone. Weka vipande vitatu mahali tofauti, kila mwezi wakati wa kiangazi na kila baada ya wiki mbili wakati wa masika. Banda langu lilitoa vipande safi kwa mara ya kwanza wiki ya tano, isipokuwa kile cha karibu na mlango, na hapo ndipo nilipong'oa banzi la mwisho lililokuwa na gome.